Karatasi ya Fundi wa Umeme Iwe ya Mkono, Isiwe ya Mfuko



Twajua wapo watakaocheka wakiona kichwa cha maneno haya. Watasema: "Mji umebeba taabu hizi zote, nanyi mwaja na habari za karatasi ya fundi wa umeme!" Twawaomba ndugu hao wasome mpaka mwisho, kisha wacheke wakitaka. Taabu kubwa huonwa na watu wote na kusemwa na watu wote. Lakini hii tunayoitaja imekaa ndani ya ukuta wa nyumba yako, imefunikwa kwa mbao, yakungoja usiku.

Kwanza tutasimulia jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwamo, maana asiyekiri kosa lake hana haki ya kusema la mwenzake.

Katika mgodi mmoja ambao hatutautaja palikuwa na mzee mmoja, fundi wa mota za kuvuta maji. Shule yake iliishia darasa la tano. Umeme alijifunza kwa kubeba sanduku la vyombo nyuma ya fundi mwingine miaka mingi, mpaka siku moja akaachiwa sanduku lenyewe. Mzee huyo alikuwa na desturi yake: hagusi mota kabla hajazing'oa fyuzi zote na kuzitia mfukoni mwake. Vijana walimcheka. Yeye alijibu kwamba fyuzi zikiwa mfukoni mwake, hakuna mpumbavu awezaye kuwasha moto hali yeye yumo ndani.

Siku moja ikaja amri kwamba kazi ya umeme isifanywe tena na mtu wa kibarua, ila na kampuni iliyoandikishwa. Amri hiyo si mbaya kwa sura yake. Barua ya kumwachisha mzee tuliiandika sisi makarani. Ikaja kampuni. Bwana wake alivaa vizuri, akaweka mezani faili yenye kila kitu: karatasi ya RCCM, nambari ya kitambulisho cha taifa, nambari ya kodi, patanti, na barua zenye mihuri ya rangi mbili. Tukatazama moja moja, tukaona zote ni halali, nasi tukapiga muhuri wetu. Kesho yake wakaletwa vijana wawili. Waliunga waya mahali pale pale maji yanapodondoka, wakauzungushia utepe mweusi, wakaondoka.

Haikupita mwezi, mwenzetu mmoja wa kuzoa tope akaushika mwili wa mota kwa mkono wa kuume. Umeme ulimtupa ukutani. Tunamshukuru Mungu kwamba yu hai, lakini vidole viwili vya mkono ule havikunji tena, na mtu wa mgodi asiyeweza kukunja vidole ni mtu asiye na kazi.

Tulirudi ofisini tukaifungua faili. Tulitafuta ukurasa mmoja tu: ule ambao mtu mwenye jina amesaini kwamba kazi hii imepimwa na ni salama. Faili ilikuwa nene kama Biblia, lakini ukurasa huo haukuwamo. Wala sisi hatukuwa tumeuomba.

Basi hilo ndilo tunalotaka kusema leo. Karatasi za biashara ni jambo moja, karatasi ya ufundi ni jambo lingine. RCCM, ambayo twaitumia tangu nchi yetu ilipoingia OHADA mwaka 2012, yasema kwamba mtu fulani ana duka au kampuni. Nambari ya kodi yasema kwamba Leta inajua mahali pa kumdai. Patanti yasema kwamba mfanyabiashara mdogo amelipa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba mkono wake unajua tofauti ya waya wa moto na waya wa ardhi. Mwuza nyanya na mfunga umeme waweza kuwa na karatasi zile zile. Nyanya mbovu utaitema. Waya mbovu hautemwi.

Twafahamu kwa nini watu wetu hawapendi kusikia neno karatasi. Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1948 Wabelgiji walileta kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 wakaleta maandikisho ya wale walioitwa "evolwe". Aliyetaka karatasi hiyo alifanyiwa uchunguzi mpaka nyumbani mwake: anakula mezani au chini, mkewe ni mmoja au wawili, anasoma nini, anaongea lugha gani. Watu wazima wenye akili zao walipimwa kama watoto, na waliopata walikuwa wachache sana katika mamilioni. Karatasi ile haikumlinda mtu ye yote. Kazi yake ilikuwa kumtenga mmoja na ndugu zake. Tangu siku hizo karatasi kwetu imekuwa kama ukuta: wengine wamo ndani, wengine wako nje, na mlangoni anasimama mtu anayenyosha mkono apewe kitu.

Kwa hiyo tukisema leo fundi wa umeme awe na cheti, mtu ana haki ya kuuliza: Je, ni ukuta mwingine? Jibu letu ni kwamba yategemea karatasi hiyo inapima nini. Ikipima mfuko, ni ukuta. Ikipima mkono, ni ngazi. Na sisi twataka ngazi.

Sasa tuutazame mji wetu. Goma haukujengwa juu ya udongo, umejengwa juu ya jiwe la moto. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulitapika, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukatapika tena, lava ikasimama karibu na mji, nyumba nyingi zikateketea na nyaya za umeme zikakatika. Kila mara watu wamerudi wakajenga juu ya jiwe lile lile jeusi, na wengi wamejenga kwa mbao, maana mbao ni nyepesi na bei yake inafikika. Mambo haya mawili, jiwe chini na mbao pande zote, ndiyo yanayofanya kazi ya umeme hapa kuwa ngumu kuliko mahali pengine pengi.

Tueleze habari ya jiwe. Kila chombo chenye mwili wa chuma, kama mota, friji au pasi, chatakiwa kiwe na waya wa ardhi, ambao mafundi wetu huuita latere. Waya wa moto ukikatika ndani na kugusa chuma, umeme hupita katika waya wa ardhi, ukaingia mchangani, na disjonkteri ikakata. Mtu akigusa chuma hicho hapati kitu. Lakini ili umeme uingie ardhini, lazima fimbo ya chuma au ya shaba ipigwe chini mahali penye udongo na unyevu. Juu ya lava fimbo haiingii. Fundi mvivu huikata kwa msumeno, akachomeka kipande kama cha mkono mmoja, akakifunika kwa mawe, akapokea fedha yake. Ukitazama kwa macho, fimbo ipo. Ukipima kwa kipimo, haipo.

Fundi anayejua kazi hufanya hivi: huchimba shimo mpaka apate ufa katika jiwe, hujaza udongo mweusi na makala yaliyosagwa ili unyevu ukae, huzika waya mrefu wa shaba au fimbo kadhaa zilizounganishwa, kisha huchukua kipimo na kusoma nambari. Kule Ubelgiji kanuni za nyumba zasema hivi: kipimo cha ardhi kikipita omu 30, masharti ya ulinzi huongezwa, kikipita 100, hakikubaliwi. Hapa kwetu ni nyumba ngapi zilizopata kupimwa hata mara moja? Kila msomaji ajiulize habari ya nyumba yake. Je, ulipata kumwona fundi akiwa na kipimo mkononi? Au ulimwona na koleo na bisibisi ya taa tu?

Juu ya hapo kipo chombo kidogo, ile disjonkteri ya kulinda mtu, ambayo hukata umeme wenyewe mara tu unapoanza kuvuja sehemu 30 katika 1,000 za ampea moja. Kwa nini 30? Kwa sababu umeme mdogo kama huo, ukipita kifuani, waweza kuuvuruga moyo mpaka usimame. Sasa fikiri: resho moja ya wati 1,000 hula ampea 4 na nusu, yaani mara 150 ya kile kinachoweza kumwua mtu. Fyuzi ya kawaida haioni tofauti yo yote wakati mtoto anakufa, maana kwake huyo mtoto ni mzigo mdogo kuliko taa.

Na habari ya mbao ni hii. Nyumba ya chumba na sebule iliwekewa taa mbili kwa waya mwembamba wa milimita 1.5. Miaka ikapita. Makala yakapanda bei, mama akanunua resho ya umeme, akaichomeka katika priza iliyoungwa kwenye waya ule ule wa taa. Baadaye ikaja pasi, halafu friji, halafu jirani akaomba aunge waya wake naye. Waya ukapata joto. Fyuzi ikakata, ikakata tena, mpaka kijana mmoja akaleta "dawa": akaweka kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi. Tangu siku hiyo haikati tena, na watu wakamsifu. Hawajui kwamba ameng'oa mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Siku waya utakapoyeyuka ndani ya mbao, moto hautauliza mlango ni wa nani. Ndugu zetu wa Bukavu, kule Kadutu, wanaijua habari hiyo. Mara nyingi nyumba moja imewaka na mtaa mzima ukaenda nayo.

Mambo makubwa hupata kuandikwa. Tarehe 2 Februari 2022, huko Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa njia kuu ulianguka juu ya soko siku ya mvua, ukaua watu 26, wengi wao mama wachuuzi. Nchi nzima ililia. Lakini anayekufa peke yake jikoni, au akianika nguo juu ya waya wa chuma uliogusa moto, haandikwi po pote. Hufunikwa, huzikwa, na watu husema ni mapenzi ya Mungu. Sisi twasema tusimsingizie Mungu kazi ya fundi.

Zamani mambo yalikuwa machache. SNEL iliundwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi umeme wa wananchi ulikuwa wake peke yake. Goma tulikuwa tukingoja moto wa Ruzizi, ukija tunashangilia. Kisha Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungua mlango kwa wengine. Mwezi wa Desemba 2015 mtambo wa Matebe, Rutshuru, ukafunguliwa, wenye nguvu ya megawati 13 hivi. Mwezi wa Februari 2020 kampuni ya Nuru ikafungua mtambo wake wa jua hapa Goma, megawati 1.3. Nguzo zikaongezeka, kompteri zikaongezeka. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Nyumba ambazo baba zao hawakupata kuwasha taa zikawasha taa.

Lakini mlango ulipofunguliwa, kazi ya kufunga nyaya ndani ya nyumba ikaongezeka mara nyingi. Je, mafundi walioweza kazi hiyo waliongezeka vile vile? Sheria ile ya 2014 yaeleza kwa urefu mtu anayezalisha umeme, anayeusafirisha na anayeuuza: huyu apate konsesioni, huyu apate leseni, huyu ruhusa, huyu atoe taarifa tu. Ni vizuri. Lakini kampuni ya umeme kwa desturi huishia kwenye kompteri. Kutoka kompteri mpaka kitanda cha mtoto ni nchi nyingine, na mfalme wa nchi hiyo ni ye yote mwenye koleo. Kampuni ikiulizwa yasema, "Waya wetu ni mzima." Mwenye nyumba asema, "Nilimlipa fundi." Fundi yuko wapi? Ametupa nambari yake ya simu.

Wengine watasema jambo hili ni gumu kwa nchi maskini. Basi tuwatazame jirani zetu, maana nao si matajiri.

Tanzania bara, mamlaka yao iitwayo EWURA hutoa leseni kwa madaraja. Lipo daraja A, la juu, kisha B, C na D. Lipo W kwa mafundi wa kutandika nyaya, na S kwa kazi maalum. Mtu haanzi juu. Mwenye cheti cha ufundi na kazi za nyumba ndogo huingia kwa mlango wa chini, akafanya kazi, akaonyesha kazi alizofanya, akapanda. Na shirika lao la umeme humtaka mwombaji alete mchoro wa nyaya uliotoka kwa mtu mwenye leseni. Tena kwa nyumba ndogo za vijijini waliwahi kugawa kifaa kiitwacho UMETA, yaani "umeme tayari": ni kibao kimoja chenye taa, priza na ulinzi wake, hakihitaji kutoboa kuta wala kutandaza nyaya. Maskini asiyeweza kulipa fundi mkubwa hakuachwa mikononi mwa fundi mbaya.

Kenya nako, chini ya sheria yao ya nishati ya 2019, mamlaka ya EPRA ina ngazi tano: C-2 chini kabisa, kisha C-1, B, A-2, na A-1 juu kabisa. Nyumba mpya haiungwi mpaka mwenye leseni atie saini hati ya kwamba kazi imekwisha na imepimwa. Uganda nako mamlaka ya umeme hutoa vibali vya mafundi kwa madaraja. Hatusemi kwamba huko hakuna udanganyifu. Wapo wanaokodisha leseni zao, na wapo wanaosaini nyumba wasiyoingia. Lakini huko mtu akifa, lipo jina la kuuliza. Hapa kwetu jina hilo tulitafute wapi?

Na Wabelgiji, waliotupima zamani uma na kijiko, kwao wenyewe wamepita njia nyingine. Tangu 1981 kanuni yao ni kwamba nyumba mpya haipati moto mpaka shirika la wapimaji, lisilo la fundi wala la kampuni ya umeme, lije kuikagua. Na baadaye hukaguliwa tena kila baada ya miaka 25. Yaani hawakushughulika sana kuuliza fundi ni nani. Walishughulika kuuliza kazi yake ikoje. Twaona hapo njia mbili: moja ni kumpima mtu, ya pili ni kuipima kazi. Atakayetuletea zote mbili tutamshukuru. Lakini kama ni lazima kuanza na moja, tuanze na kuipima kazi, maana nyumba haidanganyi kama faili.

Sasa tuwajibu wanaotupinga, maana wana neno.

Wa kwanza wasema: "Mkileta leseni, mtawaua njaa vijana wanaokula kwa koleo." Neno hili ni zito, nasi tumeona kwa macho yetu. Yule mzee wa fyuzi mfukoni aliondolewa na karatasi, wala si na mtu aliyejua kazi kuliko yeye. Kwa sababu hiyo ndiyo twasema leseni isiyo na ngazi ni dhuluma. Mtu aliyejifunza kazini apewe nafasi ya kuonyesha mkono wake: awekewe ubao, waya, priza na kipimo, mbele ya wapimaji watatu, aambiwe, "Funga." Akifunga sawa, apewe daraja lake, awe na diploma au asiwe nayo. INPP, iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kuwafundisha wafanyakazi na kuwapandisha, ndiyo shule ifaayo kwa kazi hiyo. Aliyeshindwa aonyeshwe kosa lake, arudi baada ya miezi 6. Huko si kuua njaa, ni kupandisha bei ya mkono wake.

Wa pili wasema: "Leseni itakuwa kodi nyingine." Na hilo pia ni kweli tusipoangalia. Basi ada iwe ndogo, iandikwe ukutani kwa franka, ilipwe mara moja kwa muda unaojulikana, mbele ya watu. Ofisi ikidai zaidi ya kilichoandikwa, hiyo si leseni tena.

Wa tatu wasema: "Ngojeni amani kwanza." Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini, M23 wakaushika, na tulikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Hakuna asiyekumbuka. Lakini umeme uliporudi, ulirudi katika nyaya zile zile, katika mbao zile zile. Wakubwa wa ofisi hubadilika. Waya haujui nani anatawala. Mwenye nyumba hawezi kumwambia mtoto wake asiguse ukuta mpaka mkutano umalizike.

Kwa hiyo twataka mambo haya manne, na twayasema wazi ili kila mwenye cheo ayasikie.

Kwanza, madaraja. Fundi wa nyumba, fundi wa viwanda na fundi wa njia kubwa wasichanganywe. Anayefunga taa tatu asidaiwe karatasi ya anayefunga mgodi, na anayefunga mgodi asiruhusiwe kwa karatasi ya taa tatu.

Pili, mtihani wa mkono. Cheti kisitolewe kwa faili peke yake. Na jina la aliyekipata libandikwe mahali watu wanapita, ili mama wa sokoni aweze kuuliza na kujibiwa.

Tatu, hati ya kazi. Kila nyumba na kila shimo la mgodi, fundi akimaliza aache karatasi moja: jina lake, siku, ukubwa wa waya alioutia, na nambari aliyosoma katika kipimo cha ardhi. Kampuni ya umeme isiunge bila hati hiyo.

Nne, migodi. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 yataka kazi ndogo ndogo za makampuni makubwa zipewe kampuni za Wakongomani. Ni sheria nzuri, tulikuwa tukiililia. Lakini isiwe kichaka cha bwana mmoja mwenye koti kuchukua kazi asiyoijua, akamtuma kijana asiye na glovu. Bwana Mkongomani aonyeshe fundi Mkongomani, kwa jina na kwa daraja. Fedha ikibaki nchini na mikono ya watu wetu ikaungua, tumepata nini?

Tumekwisha kusema wanayopaswa kufanya wakubwa. Lakini tukikaa tukiwangoja, tutazika wengine. Yapo tunayoweza kufanya wenyewe kuanzia kesho asubuhi.

Mwenye nyumba, usimlipe fundi fedha yote kabla hujaona kipimo. Mwulize: ardhi imesoma ngapi? Akicheka, mwache aende akacheke kwingine. Kama fyuzi yako haikati tena tangu kijana fulani alipoitia "dawa", usiifurahie, itoe leo. Kama fedha yako yatosha kununua kitu kimoja tu, usinunue redio mpya, nunua disjonkteri ya kulinda mtu.

Mafundi, andikeni kazi zenu katika daftari: nyumba gani, siku gani, mlifanya nini. Jiungeni, mwe na chama chenu, mfundishane, mnunue kipimo kimoja kwa shirika ikiwa mmoja hawezi. Siku mlango wa leseni utakapofunguliwa, daftari hilo litakuwa shahidi wenu. Fundi asiye na chama hutengwa na karatasi ya kwanza inayopita, kama yule mzee wetu.

Nasi makarani, tuna sehemu yetu. Sisi ndio tunaofungua faili. Muhuri tunaoupiga hauna macho, macho ni yetu. Tangu siku ile, faili ya kazi ya umeme ikiletwa mezani petu, twauliza kwanza ukurasa ule mmoja: nani amepima, amesoma nini, na jina lake ni nani. Usipokuwamo twairudisha faili. Wameanza kutuita wagumu. Jina hilo twalipokea.

Juzi tulimwona yule mwenzetu njiani Majengo. Anauza vocha za simu sasa. Alitunyoshea mkono wa kushoto, maana wa kuume hawezi kuukunja kusalimia watu. Hakutuuliza neno. Tulinunua vocha, tukaenda zetu, na njia nzima hatukuwa na la kusemezana.

Ndugu zetu, karatasi ya kuuza tunazo tele. Tudai sasa karatasi ya kujua kazi, na tuidai pamoja, mwenye nyumba na fundi, mchimbaji na karani. Umoja ni nguvu.

Karani wa Mgodi,
Goma